Nyumba ya Mwanasesere: Ipi Imfaayo Mtoto Mdogo?

Tuchukue mfano wa mzazi wa Nyangamara, katika bara ya mji wa Lindi, ambaye amekwisha kuuza korosho zake za msimu na amebakiwa na fedha kidogo baada ya mabati na sare za shule. Binti yake ana umri wa miaka miwili na nusu. Mzazi huyu angependa kumpatia nyumba ya mwanasesere, yaani nyumba ndogo ya kuchezea yenye vyumba, vitanda na watu wake wadogo. Mbele yake pana njia mbili. Aweza kununua nyumba ya plastiki iliyotengenezwa ng'ambo, yenye ghorofa mbili, ngazi, jiko la ndani na rangi za kumetameta. Au aweza kwenda kwa seremala, amweleze anachotaka, na kutengenezewa nyumba ya mbao kwa vipimo vyake mwenyewe.

Jambo hili laonekana kuwa la bei na la kupenda tu. Kumbe sivyo. Ndani yake mna maswali ambayo wataalamu wa saikolojia, wahandisi na waganga wameyashughulikia kwa miaka mingi, na baadhi ya majibu yao yamekwenda kinyume kabisa na yale ambayo kila mtu mzima hudhani anayajua.

Kwanza ni vema kukumbuka kwamba nyumba za wanasesere zilizo mashuhuri katika historia hazikuwa za watoto. Mtawala wa Bavaria, Albrecht wa Tano, alitengenezewa moja mnamo mwaka 1558, nayo ilikuwa hazina ya kuonyesha utajiri wake. Nyumba ya Petronella Oortman wa Amsterdam, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, ilikuwa kabati la bibi tajiri. Hata ile aliyopewa Malkia Mary wa Uingereza mwaka 1924, iliyosanifiwa na mjenzi Edwin Lutyens kwa uwiano wa 1 kwa 12, ilijaa vitu visivyopaswa kuguswa na mkono wa mtoto. Urithi huo umeacha alama: hata leo mnunuzi huvutiwa na nyumba yenye madoido mengi kwa sababu madoido humpendeza mkubwa anayelipa.

Watoto wenyewe, kwa upande wao, hawakungoja wafalme. Mahali pengi katika nchi yetu watoto hujenga nyumba zao kwa mchanga, udongo na vijiti. Watoto wa Kihadza karibu na Ziwa Eyasi husuka vibanda vya nyasi kwa mfano wa vile vya wazazi wao. Gunzi la mahindi likivikwa kipande cha kanga limetosha kuwa mtoto mchanga kwa vizazi vingi. Tofauti iliyopo ni ya umri. Wanaojenga vibanda hivyo ni watoto waliokwisha kufikia miaka minne, mitano na kuendelea. Mtoto wa miaka miwili na nusu hukaa kando, akitazama, au akikanyaga kuta za wenzake na kufukuzwa. Kwa nini?

Jibu moja lilitokana na jaribio lililofanywa nchini Marekani na mtaalamu wa saikolojia Judy DeLoache na kutangazwa mwaka 1987. Alitengeneza kielelezo kidogo cha chumba halisi. Kila kitu kilichokuwamo chumbani, kama vile kiti kirefu, kabati na mito, kilikuwamo pia katika kielelezo, mahali pale pale na kwa sura ile ile. Mtoto alionyeshwa mwanasesere mdogo akifichwa ndani ya kielelezo, tuseme nyuma ya kiti kidogo. Kisha aliambiwa kwamba mwanasesere mkubwa amefichwa mahali pale pale katika chumba kikubwa, akaombwa aende amtafute.

Watoto wa miaka mitatu na miezi kama miwili walikwenda moja kwa moja na kumpata zaidi ya mara 7 katika 10. Watoto wa miaka miwili na miezi saba walifaulu chini ya mara 2 katika 10. Walihangaika chumbani wakipekua huku na huku, kana kwamba hawakuonyeshwa kitu. Wala hawakuwa wamesahau: waliporudishwa kwenye kielelezo na kuulizwa mwanasesere mdogo yuko wapi, walimtoa bila kusita. Kumbukumbu ilikuwapo, lugha waliielewa, na mchezo waliupenda. Walichokosa ni kutambua kwamba nyumba ile ndogo *inasimama badala ya* ile kubwa.

Mtu mzima hulikuta jambo hili gumu kuliamini. Kwake yeye, nyumba ndogo inafanana na nyumba kubwa, basi ni dhahiri kwamba moja ni mfano wa nyingine. Lakini kielelezo ni vitu viwili kwa wakati mmoja: ni kitu chenyewe, cha kushikwa na kufunguliwa, na tena ni ishara ya kitu kingine kisichokuwapo. Kuyashika yote mawili akilini pamoja ni kazi, na akili ya mtoto huiweza kazi hiyo kwa kadiri inavyokomaa, karibu na mwaka wa tatu.

Ili kuthibitisha maelezo hayo, DeLoache na wenzake walitunga hila moja mwaka 1997. Waliwaaminisha watoto wa miaka miwili na nusu kwamba wanayo mashine iwezayo kufanya vitu vinywee. Mtoto aliona mwanasesere akifichwa katika chumba kikubwa. Kisha mashine "ikakinyweza" chumba, na mtoto akakuta kidogo mahali pake. Safari hii watoto walimpata mwanasesere. Kwao hapakuwa tena na ishara ya kufasiri. Chumba kilikuwa ni kile kile, ila kimepungua. Mtoto anayesadiki kwamba nyumba inaweza kunywea kama kitambaa kilichofuliwa, lakini haoni kwamba nyumba ndogo yaweza kuwa mfano wa kubwa: hayo ni mambo ya kumshangaza mwalimu yeyote.

Matokeo mengine ya utafiti huo yana maana kubwa zaidi kwa mnunuzi wetu. Watoto wa miaka mitatu walipopewa nafasi ya kukichezea kielelezo kwanza kwa dakika chache, walifanya vibaya zaidi katika kumtafuta mwanasesere. Wale wa miaka miwili na nusu waliowekewa kielelezo nyuma ya kioo, wasiweze kukigusa, walifanya vizuri zaidi. Maana yake ni kwamba kadiri kitu kinavyovutia kama kitu, ndivyo kinavyopotea kama ishara. Nyumba ya plastiki yenye kengele, taa na milango ya kuchezeka humshika mtoto kwa milango na taa zake. Hapana ubaya katika hilo, ila mzazi asidhani kwamba kwa kununua madoido amenunua somo la "nyumba".

Kuna jambo la tatu, nalo lahusu usalama wa mwili. Mwaka 2004 DeLoache, pamoja na David Uttal na Karl Rosengren, walieleza katika jarida la *Science* kosa la ajabu la watoto wa miezi 18 hadi 30. Watoto 54 walicheza na vitu vikubwa: kiti cha kukalia, gari la kuingia, ubao wa kutelezea. Vitu hivyo viliondolewa na badala yake vikawekwa vingine vya namna ile ile, ila vidogo vya kutosha mkononi. Karibu nusu ya watoto walijaribu kwa dhati kukikalia kile kiti kidogo, au kuingiza mguu katika mlango wa gari lisilotosha hata vidole vyake, au kuteleza juu ya ubao wa urefu wa kiganja. Hawakuwa wakitania. Walijitahidi, wakakasirika iliposhindikana. Basi mzazi anayechagua nyumba ya mtoto wa umri huu hana budi kuitazama kama kitu kitakachokaliwa, kukanyagwa na kulaliwa. Samani zenye miguu myembamba ya plastiki, ambazo zikivunjika huacha ncha kali, hazifai. Kiti kiwe kipande cha mti kilichochongwa chote pamoja.

Turudi sasa kwa seremala. Swali lake la kwanza litakuwa: nyumba ya namna gani? Hapa pana faida ya kutengenezesha ambayo dukani haipatikani. Nyumba ya ng'ambo ina jiko ndani, ngazi katikati na ukuta wa nyuma ulio wazi. Mtoto wa Nyangamara anajua nyumba nyingine. Nyumba ya Kiswahili ya pwani ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kuume na kushoto, na nyuma yake uani, penye jiko, mtungi wa maji na choo. Mambo makubwa ya siku ya mtoto hutokea uani: ndiko anakoogeshwa, ndiko mahindi yanakotwangwa na kuku wanakofukuzwa. Nyumba ya mwanasesere isiyo na uani humnyima nusu ya hadithi zake. Na ikiwa kutambua ishara kunategemea kufanana kwa kitu na mfano wake, basi mfano wa nyumba aijuayo utamwahi kabla ya mfano wa nyumba asiyopata kuiona.

Kwa hiyo seremala afanye kama wafanyavyo wachora ramani: aiondoe paa. Kuta zisimame juu ya ubao mmoja mpana, paa liwe kifuniko cha kuinuliwa, na mtoto acheze kwa kuingiza mikono kutoka juu, akiwa amekaa mkekani.

Uwiano ulio rahisi ni wa 1 kwa 10. Mlango wa mita 2 huwa sentimita 20, mtu wa sentimita 160 huwa wa sentimita 16, na ukuta wa mita 2 na nusu huwa wa sentimita 25. Vyumba viwili vya upana wa mita 3 na ukumbi wa mita 1 na nusu katikati yake huleta upana wa sentimita 75. Mlango wa upana wa sentimita 90 huwa sentimita 9, na mkono wa mtoto wa miaka mitatu hupita. Katika nyumba za uwiano wa 1 kwa 24, ambazo pia huuzwa, mlango huo hauzidi sentimita 4, na mkono huingia kwa taabu na kutoka kwa kilio. Mwanafunzi anayependa historia aweza kuongeza jambo la nyumbani: vyumba vya nyumba za mawe za miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwa mojawapo, vilikuwa vyembamba, visivyozidi sana mita 2 na nusu au 3, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haikwenda mbali zaidi ya hapo. Kwa uwiano wetu chumba cha Kilwa chenye upana wa mita 2.8 ni sentimita 28.

Uwiano una mambo yake ya kushangaza. Tukipunguza urefu mara 10, eneo hupungua mara 100, na ujazo mara 1,000. Ndoo ya lita 20 huwa mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai. Gunia la korosho la kilo 80 huwa gramu 80. Nguvu ya mti hufuata eneo la mkato wake, lakini uzito wake hufuata ujazo. Hivyo nyumba ndogo iliyojengwa kwa vitu vile vile ina nguvu mara 10 zaidi ikilinganishwa na uzito wake yenyewe. Galileo aliyaeleza hayo mwaka 1638. Faida yake kwa mzazi ni ya fedha: hapana haja ya mbao nene wala misumari mingi. Fito na mianzi iliyolainishwa hutosha. Mabua ya mtama, hata hivyo, yatazamwe vizuri, maana ganda lake likipasuliwa hukata ngozi kama wembe.

Umbo pia lina hesabu yake. Nyumba ya ghorofa yenye kimo cha sentimita 60 na kitako cha sentimita 20, ikiwa uzito wake umeenea sawasawa, kitovu chake cha uzito kipo sentimita 30 juu ya sakafu na sentimita 10 kutoka ukingoni. Ikiinamishwa zaidi ya nyuzi 18 hivi, itaanguka yenyewe. Mtoto mdogo anayejivuta kusimama kwa kushika kitu cha mbele yake huinamisha zaidi ya hapo bila kukusudia. Nyumba yetu ya kimo cha sentimita 25 na kina cha sentimita 60 haianguki mpaka ipite nyuzi 67. Wanafunzi waweza kupima jambo hilo darasani kwa boksi la viatu, likisimamishwa wima kisha likilazwa.

Lakini kuna mahali ambapo uwiano hapana budi uvunjwe. Kikombe cha kimo cha sentimita 8 kikipunguzwa mara 10 huwa milimita 8, na kitu cha milimita 8 mkononi mwa mtoto wa miaka miwili kina njia moja tu. Tangu mwaka 1980 sheria ya Marekani hutumia kipimo rahisi: mcheduara wenye kipenyo cha ndani cha milimita 31.7, karibu sawa na koo la mtoto mdogo. Kitu cha kuchezea cha mtoto aliye chini ya miaka mitatu, au kipande chake chochote, kikizama chote ndani ya tundu hilo, hakiruhusiwi kuuzwa. Kipande cha mwanzi chenye tundu la milimita 32 hufanya kazi hiyo hiyo Nyangamara, na mzazi akipitishe kila kikombe, kila chungu na kila kichwa cha mwanasesere. Vyungu viwe vikubwa kupita uwiano. Mtoto hatalalamika kwamba sufuria imeshinda kitanda.

Rangi nayo si jambo dogo. Rangi nyingine za mafuta zimetiwa madini ya risasi ili zing'ae na kudumu, na risasi hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mtoto wa umri huu huonja ulimwengu kwa ulimi; paa lililopakwa rangi atalitafuna. Mbao iliyosuguliwa kwa msasa na kuachwa na rangi yake ya asili ndiyo bora, na ni rahisi.

Wazazi wengine watasema: basi na tutumie vitu vya asili tu, havina madhara. Nao wajihadhari. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali, yenye asidi ya anakadi na kardoli, yanayobabua ngozi na kutia malengelenge. Wabanguaji wa mkoa wa Lindi wanayajua vizuri. Ganda hilo lafanana na mashua au kitanda kidogo, lakini lisiingie katika nyumba ya mwanasesere. Zipo tena mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinazoitwa turituri, ambazo hupendeza sana kama macho ya mwanasesere au shanga za shingoni mwake. Zina sumu iitwayo abrini. Mbegu nzima iliyomezwa mara nyingi hupita tumboni bila kufunguka kwa sababu ya ugumu wa ganda lake. Ile iliyotobolewa ili ipitishwe uzi imekwisha kufunguliwa mlango. Mbegu za nyonyo, pamoja na madoa yake mazuri, zina risini, sumu ya jamii hiyo hiyo. Kokwa la embe lililokauka ni salama zaidi, na likichorwa uso kwa kaa huwa bibi mzee bila taabu.

Yote haya yangeweza kuhesabiwa kuwa mambo ya nyumbani, kama matumizi ya wanasesere yangeishia nyumbani. Hayaishii huko. Katika nchi mbalimbali waganga, maofisa wa ustawi wa jamii na polisi wametumia wanasesere kumhoji mtoto mdogo anayedhaniwa kudhuriwa: aonyeshe kwa mwanasesere alichotendewa. Mwaka 1995 DeLoache na Donald Marzolf walijaribu njia hiyo kwa watoto wadogo waliocheza mchezo usio na madhara. Mwanasesere hakuwasaidia watoto hao kueleza zaidi ya walivyoeleza kwa maneno. Wengi wa wale wadogo zaidi walishindwa hata kubandika kipande cha karatasi kwenye mwili wa mwanasesere mahali pale pale kilipobandikwa kwenye miili yao. Mwanasesere kwao alikuwa mwanasesere, hakuwa "mimi". Mkubwa asiyelijua hilo aweza kumsikia mtoto akisema jambo ambalo hakulisema, au kukosa kulisikia alilolisema. Mwalimu wa darasa la awali anayegawa vijiti na kudhani kwamba maana ya "tano" imo ndani ya vijiti vyenyewe yumo katika hatari ya namna hiyo, ingawa hasara yake ni ndogo.

Basi mzazi wa Nyangamara amwagize seremala nyumba ya namna gani? Kwa binti wa miaka miwili na nusu, ubao mpana wenye kuta fupi, uani, milango ya kupitisha mkono, watu wawili au watatu wa gunzi au wa kitambaa kilichojazwa sufi, na vyungu visivyopita katika mwanzi. Chumba kimoja kiachwe kitupu. Mtoto atakijaza kwa mchanga, ataketi juu yake, atambeba mwanasesere kwa mguu kama kuku. Asisahihishwe. Mwaka ujao kitanda kitaingia chumbani, na mtu fulani atalala kwa kuwa ana homa.

Wanafunzi wa sekondari wenye wadogo zao nyumbani waweza kulirudia jaribio la mwaka 1987 bila gharama. Litengenezwe boksi lenye mlango na samani tatu au nne zilizowekwa kama zilivyo katika chumba halisi. Kifichwe kijiti kidogo ndani ya boksi mbele ya macho ya mtoto, na kijiti kikubwa kifichwe chumbani mahali panapolingana, pasipo yeye kuona. Yaandikwe umri wa mtoto kwa miezi, mahali alipotafuta kwanza, na kama aliporudishwa kwenye boksi alikumbuka. Jaribio lifanywe mara nne, kila mara mahali papya. Mtoto akikosa asichekwe wala asionyeshwe jibu kwa kidole. Apewe kijiti aendelee kucheza, na ajaribiwe tena baada ya miezi mitatu.